Maswali yenu: Dolly Parton, Jolene, na wimbo wa harusi ambao si wa harusi

Jamani, toleo lililopita nilichomekea mistari miwili tu kuhusu albamu ya Dolly Parton, yule mwanamama wa Marekani anayeimba muziki wa kantri, inayoitwa Jolene, ile ya mwaka 1974, basi tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika, meseji zinaingia toka Tanga mpaka Eldoret, na mimi niliyekuwa nadhani mashabiki wa kantri huku kwetu ni wazee wa rika la marehemu baba na madereva wa malori ya masafa marefu, kumbe mmejaa tele mmejificha tu. Siwezi kujibu wote. Nimechagua yale yenye nyama, na yanayofanana nimeyaunganisha. Twende.

*Anko shikamoo. Naoa mwezi wa kumi na mbili inshallah. Mchumba wangu anataka tuingie ukumbini na I Will Always Love You ya Whitney Houston. Emsii wetu anasema huo wimbo si wa Whitney ni wa Dolly Parton, na eti ni mkosi kuupiga harusini. Nani mkweli? — Bwana harusi mtarajiwa, Tanga*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Emsii wako kasema kweli nusu, nusu nyingine katia chumvi. Wimbo ni wa Dolly kweli, kautunga mwenyewe, karekodi mwaka 1973 pale studio ya RCA Studio B mjini Nashville, makao ya kantri huko Marekani, ukaingia kwenye hiyo albamu ya Jolene, geuza santuri upande wa pili ndio wa kwanza kabisa. Whitney kaja kuuimba mwaka 1992 kwenye filamu ya The Bodyguard, miaka karibu ishirini baadaye. Habari ya mkosi hiyo sijui kaitoa wapi, ila kuna jambo kidogo.

Dolly alikuwa anafanya kazi na mzee mmoja anaitwa Porter Wagoner, mwanamuziki mkubwa wa Nashville enzi zile, ana kipindi chake cha televisheni, masuti yanametameta mpaka macho yanauma. Alimchukua Dolly mwaka 1967 kuziba nafasi ya dada mwingine, Norma Jean, aliyekuwa kipenzi cha watu, na Dolly mwenyewe amesimulia kwamba mwanzoni akipanda jukwaani watazamaji walikuwa wanapiga kelele wanamtaka huyo Norma Jean wao. Akavumilia. Alimwahidi Porter miaka mitano, akakaa saba. Ila ilifika mahali binti kakua, ana nyimbo zake kichwani, anataka kusimama kwa miguu yake, na mzee hataki kusikia, kila wakizungumza ni ugomvi, we si unajua mtu aliyekutoa kijijini akikwambia bila mimi usingefika, unajibu nini hapo? Kwa hiyo akafanya kile anachokijua. Akaenda nyumbani, akatunga wimbo, kesho yake akaingia ofisini kwa bosi akamwimbia ana kwa ana. Kwa maelezo ya Dolly mzee alilia, akamwambia huo ndio wimbo bora uliowahi kuandika, unaweza kwenda.

Umeelewa sasa? Hiyo ni barua ya kuacha kazi. Barua nzuri kuliko zote duniani lakini ni ya kuacha kazi! Sikiliza maneno vizuri, mwimbaji anasema nikibaki nitakuwa nakuziba njia tu, naondoka na kumbukumbu zangu tamu na chungu, usilie, mimi na wewe wote tunajua siye unayemhitaji. Sasa pata picha bibi harusi anaingia na shela lake, mashangazi wanapiga vigelegele, na spika inatangaza siye unayemhitaji. Haina mkosi wowote, wageni wengi hata hawatasikiliza maneno, ila mimi ningekuwa wewe ningeuweka mwisho wakati wazazi wa binti wanamuaga mtoto wao. Hapo umekaa mahali pake kabisa na watalia mpaka wale wa kamati ya chakula.

Na wasikudanganye kwamba waliachana kwa amani moja kwa moja. Miaka kama mitano baadaye Porter alimfungulia kesi akidai dola milioni 3, wakamalizana nje ya mahakama. Lakini mwaka 2007, Porter akiadhimisha miaka 50 kwenye jukwaa maarufu la kantri la Grand Ole Opry, Dolly alikwenda akamwimbia wimbo uleule mbele ya watu. Mzee akafariki Oktoba mwaka huohuo. Mimi nikikumbuka hiyo stori na ile kesi katikati, naona ule wimbo ulikuwa wa kweli toka mwanzo, hakuuandika kumlainisha tu.

*Assalam aleikum. Mimi ni mtu wa taarab tangu na tangu. Mjukuu wangu kanisikilizisha huo Jolene na kunifasiria maneno, nimeshangaa. Mwanamke gani anamwendea anayetaka kumchukulia mume akaanza kumsifia uzuri na kumpigia magoti? Hawa Wamarekani hawana mdomo? — Bibi, Unguja*

Waalaikum salaam bibi yangu, shikamoo. Swali lako ndilo nimelipenda kuliko yote na nimelizungusha kichwani wiki nzima.

Ni kweli, kwetu sisi mambo hayo yana utaratibu wake. Ukisikia kuna mtu anamnyemelea mumeo, kwanza unavaa khanga yenye jina la kumtosha, unapita mlangoni kwake taratibu asome. Asipoelewa, unasubiri siku ya shughuli, bendi ikipiga ule wimbo wako unainuka kutunza huku unamwangalia yeye. Ingekuwa ni Khadija Kopa anamwimbia Jolene, Jolene angehama mtaa. Mipasho ni silaha, na moja ya kanuni zake ni kwamba mbaya wako humpi sifa hata moja, akiwa mzuri utasema kajikwatua.

Dolly kaenda kinyume kabisa. Anamwimbia mwenzie, nywele zako nyekundu kama moto, ngozi yako, macho yako ya kijani, sauti yako kama mvua laini, mimi siwezi kushindana na wewe, mume wangu anakutaja usingizini, tafadhali usimchukue kwa sababu tu unaweza. Hilo la mwisho ndilo linalouma. Hasemi usimchukue kwa sababu ni wangu, anasema usimchukue kwa sababu tu unaweza. Na angalia bibi, mume mwenyewe hana kosa lolote kwenye wimbo mzima, hatukanwi, hahojiwi, yupo kama begi linalogombewa stendi, na Jolene naye hajibu neno, wimbo unaisha tumekaa tunasubiri na mpaka leo zaidi ya miaka 50 hajajibu. Kwenye taarab ungepata jibu, tena na jibu la jibu.

Mimi mwanzo nilimwona mnyonge kama wewe ulivyomwona. Siku hizi nimebadilika kidogo. Kusema hadharani naogopa, mwenzangu kanizidi, hiyo inataka kifua kuliko kutukana. Mipasho tunaimba tukiwa tumeshaumia tunajifanya hatujaumia, na raha yake iko hapo, ila yeye kaamua kutojifanya. Simwambii mtu ipi ni bora, mimi zote nasikiliza, Ijumaa taarab Jumapili kantri.

Na wala hajabuni hewani. Dolly anasimulia kwamba alikuwa ndio kwanza ameolewa na mumewe Carl Dean, walioana 1966, na pale benki alikokuwa anakwenda Carl kulikuwa na dada mmoja mfanyakazi, mrefu, nywele nyekundu, anamchekea chekea mume wa watu, na mume naye safari za benki zikazidi, mpaka Dolly akawa anamtania mbona sisi hatuna hela nyingi kiasi hicho. Ila jina si la huyo dada. Jina kalipata kwa mtoto mdogo wa kike aliyekuja kuomba saini baada ya shoo, kitoto kizuri, kina nywele nyekundu na macho ya kijani, akamuuliza unaitwa nani akasema Jolene, na Dolly akaenda mpaka kwenye basi lao analirudia rudia lile jina asilisahau. Sikiliza kiitikio utasikia kama ndio bado anatembea kuelekea kwenye basi. Carl wakaishi naye mpaka alipofariki Machi 2025, karibu miaka 59 ya ndoa, kwa hiyo dada wa benki hakuambulia kitu.

Ah, na mjukuu wako akuwekee Jolene ya Beyoncé ya mwaka 2024. Huyo kabadilisha maneno, haombi, anamwonya mtu asimsogelee mume wake. Hiyo bibi utaipenda, ni mipasho mitupu.

*Oya anko, kuna siku kwenye matatu nilisikia jamaa anaimba Jolene, sauti nzito polepole, kali kuliko ya Dolly. Ni nani huyo? — Nairobi*

Ni Dolly huyohuyo kaka! Kuna mtu alichukua ile santuri ndogo ya spidi ya mizunguko 45 kwa dakika akaipiga kwenye spidi ya 33, ikasambaa mtandaoni. Sauti inashuka inakuwa ya mwanamume mwenye majonzi, na gitaa linapoa vizuri tu utafikiri walipiga hivyo makusudi. Wengi wamepigwa na hiyo, usione aibu.

*Anko heshima yako. Mimi ni msanii mchanga, natunga mwenyewe. Kuna msanii mkubwa (simtaji) anataka kuimba wimbo wangu, ila meneja wake anasema lazima niwape nusu ya haki za wimbo, la sivyo hawarekodi. Marafiki wananiambia nikubali, ni bahati ya maisha. Nifanyeje? — Kijana, Mwanza*

Kaa chini nikupe stori ya wimbo uleule wa harusi ya mwenzio wa Tanga.

Baada ya I Will Always Love You kushika namba moja kwenye chati ya kantri mwaka 1974, nani akautaka? Elvis Presley. Elvis mwenyewe! Dolly akaambiwa Elvis anaupenda, anataka kuurekodi, binti kaanza kuwapigia simu watu wote anaowajua. Halafu karibu na siku ya kurekodi akapigiwa na meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, kwamba sisi utaratibu wetu Elvis harekodi wimbo mpaka tupate angalau nusu ya haki za uchapishaji, yaani haki za wimbo wenyewe. Yaani kama wewe tu. Dolly alikuwa bado anajenga jina, anatoka familia ya watoto 12 kwenye milima ya Tennessee, baba yake alimlipa daktari aliyemzalisha mama yake kwa gunia la unga wa mahindi, hakuwa mtu wa kuchezea bahati. Akakataa. Amesema alilia usiku kucha, na watu walimwambia umechanganyikiwa, huyo ni Elvis. Elvis hakurekodi.

Mwaka 1992 Whitney akauimba. Wiki 14 namba moja Marekani, na ile albamu ya filamu imeuza nakala zaidi ya milioni 40. Na sheria ya Marekani ina jambo moja la ajabu, redio za kawaida zikipiga wimbo zinamlipa mtunzi na mchapishaji wake, mwimbaji halipwi kitu. Kwa hiyo kila redio ya Marekani ilipompiga Whitney mwaka ule mpaka watu wakachoka, hela ilikuwa inakwenda kwa Dolly. Alisema mwenyewe kwamba sehemu ya pesa hizo alinunulia jengo la biashara kwenye mtaa wa watu weusi pale Nashville, kwa heshima ya Whitney.

Sasa usije ukasema anko kanifundisha kukataa hela. Wapo waliokataa wakabaki na haki zao zote na hakuna aliyeimba tena, hao hawana stori ndio maana hatuzisikii. Ninachokwambia ni utenganishe vitu viwili. Kuna wimbo, yaani maneno na melodi uliyotunga, huo ni wako hata ukiuimbia bafuni. Na kuna rekodi, ile sauti iliyopigwa studio, hiyo kama wao ndio wanalipia studio na prodyuza basi wachukue mgao wao mnono kwenye rekodi, hiyo ni haki yao. Huyo meneja anavichanganya kwa makusudi. Mwambie nusu ya rekodi tuongee, hata zaidi ya nusu, wimbo haugawanywi, na kama hataki kabisa basi mpe ruhusa ya kuurekodi mara moja kwa mkataba wa maandishi. Kabla hujarudi kuongea naye kapite COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili kazi yako, usiende na wimbo ulio kwenye simu tu. Na marafiki wanaokushauri ukubali, waulize wametunga nyimbo ngapi.

*Habari za huko. Mimi ni mama wa Nakuru. Marehemu mume wangu aliacha santuri nyingi, Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, na hii Jolene. Watoto wanataka nitupe. Je, mbali na hizo nyimbo mbili maarufu, kuna kitu humo? Mbona ni fupi hivi, nikiweka maji ya chai yakichemka upande umeisha! Na upande wa pili wimbo wa kwanza unaruka ruka.*

Pole sana mama kwa msiba, na usitupe chochote tafadhali nakuomba.

Fupi ni kweli, nyimbo 10 na hata nusu saa haifiki, ndio zilivyokuwa santuri nyingi za Nashville miaka ile. Walikuwa wanaingia studio wanamuziki walewale wazoefu, wanapewa wimbo, wanaupiga mara chache, unaofuata. Hakuna kupoteza muda, kila dakika ya studio ni hela. Sikiliza lile gitaa la mwanzo wa Jolene linalokimbia kama mtu anayeharakishwa na wasiwasi, ni Chip Young huyo, anapiga besi kwa dole gumba na vidole vingine vinasuka juu yake. Kuna msomaji wa Arusha kaniuliza kodi za gitaa za huo wimbo, ngoja nimjibu hapahapa, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya nne upige kama vile uko A maina, halafu C, G na E maina kidogo, kodi ni rahisi ila mkono wa kulia utakutesa miezi.

Nyimbo 8 katunga Dolly mwenyewe. Mbili si zake, Lonely Comin' Down ambao katunga Porter Wagoner, bosi wake yuleyule, na It Must Be You wa mwisho ambao mimi sijawahi kuuelewa upo hapo kufanya nini. Anza na When Someone Wants to Leave, wa pili upande wa kwanza, mama. Huo unahusu kuishi na mtu ambaye moyo wake umeshaondoka kitambo, mwili tu ndio uko sebuleni. Ukiusikiliza baada ya Jolene unaona kama ni mwanamke yuleyule mwaka mmoja baadaye, halafu geuza upande wa pili unamkuta sasa ni yeye anayefungasha na kuaga. Sijui kama walipanga hivyo au ni mimi tu nimeisikiliza mno. Early Morning Breeze nao ni mtamu, umetulia kama asubuhi ya huko kwenu, na alikuwa ameshaurekodi kwenye albamu ya 1971 akaurudia tena hapa, nadhani naye aliona mara ya kwanza haukukaa sawa. Ule Randy uruke tu.

Kuhusu kuruka. Kabla hujasema umekwaruzika, isafishe. Maji ya vuguvugu, tone moja tu la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kabisa, pangusa kwa kuzunguka kufuata mistari na siyo kukatisha, ile karatasi ya katikati isilowe, halafu suuza kwa maji safi na uisimamishe ikauke yenyewe kivulini, jua la Nakuru litaipinda. Mara nyingi ni vumbi la miaka limegandia mle ndani. Na kama mzee alikuwa ameweka shilingi juu ya mkono wa sindano ili isiruke, iondoe, najua wazee wetu wote walifanya hivyo na baba yangu pia, ila ile ndiyo inayochimba santuri.

Ikiendelea kuruka palepale baada ya kuisafisha basi ni mkwaruzo. Na ukifikiria vizuri mama, kwenye upande wa pili wimbo wa kwanza ndio huo wa kuaga, kwa hiyo huenda ndio mzee alikuwa akiupiga kuliko yote. Hiyo mikwaruzo mingine mimi nisingetaka itoke.

Watoto wakizidi kusumbua, waambie Anko anazitaka zote, anakuja na gari.